Somo la Gaciri Limo Kwenye Maji

Msikilizaji, maji ya kisima yakiwa maangavu tunayaona salama. S. J. Gaciri, mwanajiolojia wa Chuo Kikuu cha Nairobi, alituonyesha kwamba macho hayatoshi. Mwaka 1975, yeye na mwenzake Isaac Nyambok walichapisha utafiti kuhusu floraspa, madini yenye floraidi, katika Bonde la Kerio. Mwaka 1993, pamoja na T. C. Davies, akaandika kuhusu floraidi iliyomo katika maji ya Kenya. Kutoka kwenye mwamba hadi kikombe cha mtoto: huo ndio usomi ninaouheshimu.

Magharibi mwa jiji la Nairobi, kuanzia Karen hadi Lavington, nyumba nyingi hutegemea visima virefu vilivyotoboa miamba ya volkano, ambamo maji huweza kuchukua floraidi. Floraidi haina rangi wala harufu, na kuchemsha maji hakuiondoi. Inajitokeza baadaye, meno ya mtoto yanapoota na madoa ya kahawia yasiyotoka kwa mswaki. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita.

Jiolojia ingali inafundishwa katika kampasi ya chuo hicho ya Chiromo, karibu na Westlands. Kaunti iwaajiri vijana wanaoisomea, wapime maji ya visima. Nawe mwenye nyumba, peleka maji yako maabara, kisha uwabandikie wapangaji majibu langoni.