Mpira wa Mkato Hauhitaji Nguvu, Unahitaji Magoti

Mazungumzo ya mkufunzi wa kujitolea wa tenisi kwa vijana, wazazi na walimu wa michezo, Subukia

 

Nitazungumza juu ya jambo moja tu: namna ya kucheza na mpinzani anayetegemea mpira wa mkato, ule ambao wengi wetu tunauita slaisi. Nimelichagua kwa sababu linatupotezea wachezaji. Kijana wa miaka kumi na sita, mwenye mbio na mkono wenye nguvu, anakutana na mzee wa miaka hamsini na tano anayecheza polepole na kuukata kila mpira. Kijana anapiga kwa hasira, mpira unaingia wavuni. Anapiga tena, unatoka nje. Akishafungwa anasema, "Huo si mchezo," na wiki inayofuata haji. Raketi zetu ni chache na viwanja ni vichache. Kila kijana anayeacha kwa sababu hiyo ni hasara kwetu sote, nayo ni hasara tunayoweza kuizuia.

Kwanza tuelewe mkato ni nini. Mchezaji huanza na raketi ikiwa juu ya mpira, uso wake umelala kidogo, kisha huiteremsha kama kisu kinavyoteremka kwenye mkate. Mpira huondoka ukizunguka kinyumenyume. Mzunguko huo huubeba hewani, kwa hiyo unaelea na kuchukua muda kufika. Ukija chini chini na kwa kasi, ukigusa ardhi huteleza na haupandi. Ukija juu na kwa upole, hudunda na kusimama kana kwamba umechoka. Yote miwili inamkuta kijana akiwa mahali pasipofaa: wa kwanza uko chini ya goti lake, wa pili uko hatua mbili mbele yake.

Sasa tuangalie hapa kwetu. Subukia iko juu, kama ilivyo sehemu kubwa ya kaunti ya Nakuru. Shirikisho la Kimataifa la Tenisi linaruhusu mipira maalumu kwa viwanja vilivyo zaidi ya mita 1,219 kutoka usawa wa bahari, na sisi tumepita kiwango hicho kwa mbali. Hewa ya juu ni nyepesi. Mpira unaopigwa kwa nguvu huku huenda mbali kuliko ungeenda Mombasa, na mkato nao hauelei sana, bali hufika mapema kidogo. Maana yake ni kwamba kijana anayejibu mkato kwa kupiga kwa nguvu zote anajiumiza mara mbili. Mpira uko chini, lazima aunyanyue kuvuka wavu, na hewa yenyewe haitausaidia kushuka ndani ya mstari.

Basi tufanye nini?

La kwanza, tazama raketi ya mpinzani kabla ya kutazama mpira. Ukiona imeinuliwa juu ya mpira na uso wake umefunguka kuelekea mbinguni, mkato unakuja. Anza kusogea mbele wakati huo huo. Usingoje mpira udunde ndipo ukimbie, kwa maana mpira wa mkato haukufuati. Wewe ndiye unayeufuata.

La pili, chutama. Ninyi mnaokamua ng'ombe asubuhi mnajua tofauti ya kuinamisha kiuno na kuchutama. Anayeinama tu mgongo humuuma kabla ndoo haijajaa. Anayechutama hukamua hadi mwisho. Katika tenisi ni vivyo hivyo. Shusha magoti mpaka macho yako yakaribie usawa wa mpira, mguu mmoja ukiwa mbele, na uupige mpira ukiwa mbele ya mwili wako. Ukibaki wima na kushusha mkono peke yake, raketi itaangalia chini na mpira utaingia wavuni.

La tatu, unyanyue mpira, usiugonge. Raketi ianze chini ya mpira na imalizie juu ya bega. Lenga mpira upite mita moja hivi juu ya wavu, na uupige kwa mshazari. Hesabu ya uwanja inakuunga mkono. Wavu una sentimita 91 katikati, lakini kwenye nguzo unafika sentimita 107. Uwanja wa mchezaji mmoja mmoja una urefu wa mita 23.77, na ukipima kwa mshazari kutoka kona hadi kona unapata zaidi ya mita 25. Kwa hiyo mpira wa mshazari unapita mahali wavu uko chini, na una nafasi zaidi ya kutua. Kwa mpira ulio chini ya goti, hapo ndipo mahali pa usalama.

La nne, mpe mpinzani mpira asioupenda. Anayekata hupenda mpira wa usawa wa kiuno, tena ule wa kasi, kwa sababu anatumia kasi yako. Mpelekee mpira wa juu, mrefu, unaotua karibu na mstari wake wa nyuma na kupanda mpaka begani. Kuukata mpira ulio juu ya bega ni kazi ngumu, hasa kwa mkono wa nyuma. Jibu lake likiwa fupi na limeelea, hapo sasa sogea wavuni.

Ukiwa wavuni, jihadhari na jambo moja. Mpira wa mkato ukigusa raketi yako kabla ya kudunda, mzunguko wake huusukuma uelekee chini. Ndiyo sababu wengi huupeleka wavuni hata wakiwa karibu nao. Fungua uso wa raketi kidogo, kaza mkono, na usukume mpira mbele bila kuupiga kwa mkono mrefu.

La tano ni sevu ya mkato. Mpinzani anayetumia mkono wa kulia akianzisha kwa mkato, mpira hupinda kuelekea kulia kwako wewe unayepokea. Wa mkono wa kushoto hupinda upande wa pili. Usikimbie kando kuufuata utakakofika. Piga hatua ya mshazari kwenda mbele, uukate njia kabla haujatoka nje ya uwanja.

La mwisho ni subira, nalo ndilo gumu kuliko yote. Mwaka 2022, katika fainali ya wanawake ya Wimbledon, Ons Jabeur wa Tunisia, anayejulikana kwa mikato na mipira mifupi ya ujanja, alikutana na Elena Rybakina wa Kazakhstan, mpigaji mwenye nguvu. Wimbledon huchezwa kwenye nyasi, na kwenye nyasi mkato huteleza zaidi. Rybakina alipoteza seti ya kwanza 3–6. Alishinda zilizofuata 6–2, 6–2. Kupoteza seti moja kwa mtu wa mikato si kupoteza mechi. Ni muda wa kujifunza mpira wake unakwendaje.

Katika mashindano hayo hayo, binti wa Kenya, Angella Okutoyi, akicheza na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi, alishinda taji la wasichana la wachezaji wawili wawili. Nao walipoteza seti ya kwanza 3–6, wakashinda ya pili 6–4, kisha wakamaliza kwa pointi 11–9. Akawa Mkenya wa kwanza kutwaa taji la Grand Slam. Alikulia Nairobi, akilelewa na nyanya yake. Nawaambia vijana hivi ili mjue kwamba wenzenu wa hapa hapa nchini wamewahi kuwa nyuma kwa seti nzima na hawakutupa raketi.

Kanuni zenyewe zinakupa nafasi ya kutulia. Una sekunde 25 kati ya pointi na pointi, na sekunde 90 mnapobadilishana upande. Zitumie. Tembea, pumua, jiulize: mpira wa mwisho uliingia wavuni kwa sababu gani, magoti au haraka?

Najua kuna anayejiuliza mazoezi haya atayafanyia wapi. Huhitaji uwanja kamili. Walimu, tafuteni ukuta usio na madirisha, mchore mstari kwa chaki sentimita 91 kutoka chini, na watoto wapige juu ya mstari huo. Pasipo na ukuta, fungeni kamba kati ya vigingi viwili kwa urefu huo. Mmoja arushe mpira chini chini kwa mkono, mwenzake achutame na kuunyanyua. Mipira ishirini kila mmoja, kisha wabadilishane.

Tena msitupe mipira iliyochakaa. Mpira mzuri ukiangushwa kutoka sentimita 254 kwenye sakafu ngumu hupanda kati ya sentimita 135 na 147, yaani zaidi kidogo ya nusu. Ule usiofika nusu haufai kwa mechi, lakini kwa zoezi hili ni mwalimu mzuri, kwa sababu unabaki chini kama mpira wa mkato. Hata udongo wetu wenye mabonde madogo unafundisha. Anayezoea kuchutama hapa hatashangaa akienda kucheza kwenye saruji laini mjini Nakuru.

Ninyi wazee mnaotufunga kwa mikato, nina ombi. Baada ya mechi, kaeni dakika kumi na kijana mliyemfunga, mumwonyeshe mnavyoshika raketi. Naye kijana, baada ya kujifunza kuujibu mkato, ajifunze kuupiga. Siku mkono wake utakapopungua nguvu, mkato utamweka uwanjani miaka mingi zaidi.

Wazazi, mtoto akirudi nyumbani amefungwa na mtu wa umri wenu, msimcheke. Mwambieni arudi tena wiki ijayo, na asisahau magoti.

 Sasa tuingie uwanjani.