Chokaa au Damu ya Mzee?

(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia, Suna)

Mmeniita juu ya ubishi ambao mwasema ni mdogo: kuta za ndani za chumba cha kikundi zipakwe chokaa nyeupe, ama rangi ya damu ya mzee? Mimi sioni kama ni mdogo.

Wa damu ya mzee wana hoja. Watoto hushikashika ukuta, na chokaa huchafuka upesi. Lakini uchafu usioonekana bado upo, na mbu naye hupenda kupumzika penye giza.

Niwape kisa. Kikundi kimoja, jina nitalificha, kilipaka damu ya mzee kutoka chini mpaka juu. Dirisha moja, koroboi moja. Siku ya kugawa akiba, mama mmoja mjane alisomewa shilingi 300 badala ya 800. Kitabu kilikuwa sawa, ni macho ya katibu hayakuona. Kabla hesabu haijarudiwa nje juani, mama alikuwa ameshaitwa mwongo mbele ya watu. Hakurudi tena kikundini.

Ukuta wa chokaa safi hurudisha karibu sehemu nane kwa kumi za mwanga unaoupiga. Wa rangi nzito hurudisha kama moja tu. Na dirisha ni lile lile!

Basi fanyeni kama madarasa mengi ya shule zetu: chini, mpaka bega la mtoto, rangi nzito, juu yote nyeupe. Kuta zenu ni za udongo, kwa hivyo msinunue rangi ya mafuta. Unyevu ukikosa pa kutokea, itabambuka. Hapo chini siribeni udongo mwekundu uliochujwa, hauna gharama.

Chokaa iloweke usiku kucha, chuja kwa kitambaa, tia chumvi kidogo ili ishike, na ukuta uloweshwe kwanza. Ikiwa mbichi itaonekana kama maji tu. Msiogope, itang'aa ikikauka. Chungeni macho, inachoma.

Najua mtapendezwa mtake kupaka na nyumbani. Sawa, lakini dawa ya mbu, kama ile iliyopulizwa Migori mwaka wa 2017, hufanya kazi ikiwa juu ya ukuta. Ukisiriba juu yake umeizika. Wapulizaji wakitangaza siku, nyinyi muwe mmeshapaka na ukuta umekauka.