KIJANA, WEWE NDIYE MKALIMANI

(Mazungumzo ya mhudumu wa afya ya jamii na vijana wa Kitomanga, mkoani Lindi)

   

Nimeombwa nizungumze juu ya afya ya jamii. Jina kubwa hilo. Mimi nitaanza na mtoto mmoja tu. Alikuwa mdogo wangu, kitinda mimba wa mama yetu, na hakutimiza miaka mitatu.

Mwaka huo nilikuwa darasa la tano. Homa ilimwanza jioni. Usiku wa manane akakakamaa, macho juu, mikono ikamtetemeka, povu likamtoka mdomoni. Bibi alitamka neno moja: degedege. Basi nyumba nzima ikaamka. Bibi akamvua nguo, akamwosha kwa maji ya majani, akamfunika kaniki, akamfukiza. Alifanya kila alichofundishwa na mama yake. Mtoto akatulia kidogo, halafu akaanza tena.

Kulipokucha baba akasema apelekwe zahanati. Mama akasita. Jamani, mama yangu alimpenda mtoto yule kuliko roho yake, kwa nini alisita? Nitawaambia, maana mazungumzo yangu yote ya leo yapo hapo.

Kwanza, alikuwa amesikia tangu utotoni kwamba mtoto mwenye degedege akichomwa sindano anakufa. Pili, mwaka uliotangulia alikwenda kwenye zahanati moja na mtoto mwingine mwenye hirizi shingoni. Jina la zahanati silitaji. Akagombezwa mbele za watu: "Mlikuwa wapi siku zote? Nyie watu wa dawa za kienyeji mnatuletea maiti!" Mama hakujibu kitu. Alifunga kanga yake akarudi nyumbani, na maneno yale akarudi nayo. Tatu, mjomba alikuwa shamba. Mnajua wenyewe kwetu huku, jambo zito la mtoto haliamuliwi hivi hivi mjomba hajasikia.

Mjomba alifika saa saba mchana. Wakaondoka mbio. Mdogo wangu alikata roho njiani, mgongoni mwa mama.

Kwa miaka mingi nilitafuta wa kumlaumu. Siku nyingine nilimlaumu bibi. Siku nyingine yule aliyemgombeza mama. Nilipoingia kazi hii ndipo nikafahamu jambo lenyewe lilivyo.

Vijana, hebu tuelezane. Degedege inayompata mtoto mdogo mwenye homa, mara nyingi huku kwetu inatokana na malaria kali. Vimelea vya malaria huingia ndani ya chembe nyekundu za damu. Chembe hizo zikishapata vimelea hunata kwenye mishipa midogo sana ya damu, hata ile ya ubongo. Damu haipiti vizuri, sukari mwilini inashuka, mtoto anakakamaa na kupoteza fahamu. Kila saa inayopita ni hatari. Siku hizi zahanati zina kipimo cha haraka cha malaria, tone moja la damu, na majibu hutoka baada ya dakika 15 au 20. Tangu mwaka 2006 nchi yetu inatumia dawa ya mseto kwa malaria ya kawaida, na kwa malaria kali ipo sindano ya artesuneti. Lakini si kila degedege ni malaria. Homa ya uti wa mgongo nayo huanza hivyo hivyo. Ndiyo maana mtoto lazima apimwe.

Sasa, ile habari ya sindano inaua ilitoka wapi? Haikutoka kwenye ujinga. Ilitoka kwenye macho ya watu. Mtoto alipelekwa hospitali akiwa amechelewa mno, akachomwa sindano, akafa. Watu wakaona sindano, halafu wakaona kifo. Saa nyingi zilizopotea kabla ya sindano hakuna aliyezihesabu.

Wala si sisi peke yetu. Miaka ya 1990 watafiti walikwenda Bagamoyo kuuliza habari za degedege. Wakakuta wazazi wanaoijua vizuri homa ya kawaida, na wanaoipeleka hospitali bila shida. Lakini degedege kwao ilikuwa ugonjwa mwingine kabisa, na wa kwanza kuendewa alikuwa mganga. Yaani mama alikuwa na akili timamu. Alikuwa anafuata ramani aliyopewa. Hakuna aliyekaa naye akamchorea njia nyingine.

Hapo ndipo ninapotaka tufike. Mgonjwa haji peke yake. Anakuja na bibi yake, mjomba wake, imani yake, chakula chake na hofu yake. Nyumba ina mlango wake na zahanati ina mlango wake. Milango hiyo isiposalimiana, mtoto anafia katikati.

Nitawapa mfano wa mbali, lakini umeanzia hapa hapa pwani yetu. Kilwa Kivinje mnaijua. Katika karne ya 19 ilikuwa bandari kubwa ya biashara ya watumwa. Wayao, Wamakua, Wangindo, Wanyasa na wengineo waliletwa kutoka bara wakapakiwa majahazini. Wengi walipelekwa Zanzibar, na wengine wakafikishwa hadi pwani ya Somalia wakalimishwa mashamba. Waliotoroka na walioachiwa huru walijenga vijiji vyao kando ya mto Juba. Wazigua nao walikuwemo, na hata leo wapo wanaosema Kizigua. Wajukuu wa watu hao ndio wanaoitwa Wabantu wa Somalia.

Vita vilipozuka mwaka 1991 walikimbilia Kenya, kambi za Dadaab. Wengine walikuja Tanzania, wakakaa Chogo, wilayani Handeni, na wengi wakapata uraia wetu. Na kuanzia mwaka 2003 watu zaidi ya 12,000 walichukuliwa kwenda kuishi Marekani. Baadhi yao wapo Lewiston, katika jimbo la Maine, mahali ambapo theluji huanguka miezi kadhaa ya mwaka.

Sasa fikiri mama wa watu hao amefika hospitali ya huko. Zahanati ipo, dawa zipo, mashine zipo. Ule mlango wa pili wameupata, tena mkubwa. Lakini mlango wa nyumba umebomoka. Bibi hayupo. Mkunga hayupo. Shamba halipo. Daktari anauliza, "Unaumwa wapi?" Mama anataka kusema moyo wake umechoka, lakini lugha hana. Anayesimama katikati ni nani? Mara nyingi katika familia za wahamiaji anakuwa mtoto aliyejifunza Kiingereza shuleni. Ana miaka kumi na miwili, na anamtafsiria mama yake habari za hedhi, za uchungu wa kuzaa, za usingizi uliopotea kwa sababu ya vita. Mengine anaona haya, anayaacha. Mengine hayaelewi, anayabahatisha. Ndiyo maana hospitali nzuri hutafuta mkalimani mtu mzima aliyefunzwa. Mzigo ule si wa mtoto.

Wabantu wa Lewiston hawakukaa wakilia. Mwaka 2005 waliunda chama chao. Baadaye, mwaka 2014, wakaanzisha mashamba, na humo wanalima mahindi na mboga walizozizoea, kwa vikundi, kama ujima wetu. Wengi wa wakulima hao ni akina mama. Utasema, shamba na hospitali vinahusianaje? Vinahusiana sana. Mama anapata chakula anachokijua. Mwili unafanya kazi. Anakaa na wenzake wanaomwelewa, wanasemeshana kwa lugha yao, na vijana wanajifunza kwa wakubwa. Hayo yote ni afya. Hakuna kidonge cha kutibu upweke.

Basi rudini nami Kitomanga. Wenzetu wale walipata zahanati wakapoteza nyumba, ikabidi waijenge upya. Sisi nyumba tunayo! Bibi yupo, mkunga yupo, kungwi yupo, mjomba yupo. Huduma nazo zimetufikia kuliko zamani. Kinachokosekana ni mazungumzo kati ya pande hizo mbili.

Mkoa wetu umeshajaribu. Kuanzia mwaka 2010, katika wilaya sita za Lindi na Mtwara, ulikuwepo mpango wa Mtunze Mtoto Mchanga. Akina mama wa kijiji hicho hicho, wala si wageni, walifundishwa na kuwatembelea wajawazito na wazazi majumbani kwao. Walizungumza nao kuhusu kujifungua kwa usafi, kumpa mtoto joto, na kumnyonyesha mapema. Watafiti walipopima, waliona akina mama wengi zaidi wameanza kunyonyesha ndani ya saa ya kwanza. Hilo ni jambo kubwa. Lakini nitawaambia ukweli wote. Vifo vya watoto wachanga havikuonekana kupungua kwa ajili ya ziara hizo. Mimi najifunza nini hapo? Kwamba mazungumzo ya nyumbani yanabadili desturi, lakini mama akishafika zahanati lazima akute mhudumu, dawa, na ulimi mzuri. Mlango mmoja hautoshi.

Sasa ninyi vijana mnaingia wapi? Ninyi ndio wakalimani. Usicheke. Nyumbani kwenu nani anasoma kadi ya kliniki? Nani anasoma maandishi ya kwenye pakiti ya dawa? Ni wewe. Na nani anajua bibi anamaanisha nini akisema "mtoto amepitiwa"? Ni wewe huyo huyo. Mhudumu aliyehamishiwa hapa kutoka mbali hajui. Umekaa katikati, na pande zote mbili zinakusikiliza.

Lakini mkalimani mwema hamdharau anayemtafsiria. Ukirudi kutoka shule ukamwambia bibi, "Hizo ni imani potofu," umefunga mlango. Sema hivi: "Bibi, ulivyomvua nguo umefanya vizuri. Lakini ndani ya damu kuna kitu ambacho majani hayakifikii. Twende sasa hivi, na wewe ufuatane nasi." Bibi akifuatana nanyi ameshakuwa upande wa dawa. Akiachwa nyumbani, mtoto akirudi atamwachisha vidonge siku ya pili.

Ukifika kwa mhudumu, sema kweli. Mwambie mtoto amefukizwa, amepewa dawa ya mizizi, saa ngapi na kiasi gani. Usifiche kwa kuogopa kugombezwa. Mhudumu akijua atatibu vizuri zaidi. Na wenzangu wa kazi hii, kama mpo, nawaomba. Mama akija na hirizi, msalimieni kwanza. Hirizi haizuii sindano. Matusi ndiyo yanayoizuia.

Mambo mengine matatu. La kwanza, mtoto akipata degedege mlaze kwa ubavu, usimtie kijiko mdomoni, usimnyweshe kitu chochote, hata dawa ya hospitali, mpaka apate fahamu. Mkimbizeni mara moja. La pili, ruhusa iombwe mchana, mtoto akiwa mzima. Mwendee mjomba, mwendee baba, uliza: "Mtoto akizidiwa usiku na ninyi hampo, tufanye nini?" Wengi watajibu, "Mpelekeni, msiningoje." Neno hilo moja, lingesemwa siku moja kabla, mdogo wangu huenda leo angekuwa na watoto wake. La tatu, fedha kidogo ya bodaboda iwekwe kando wakati wa kuuza korosho au ufuta, na kila mtu wa nyumbani ajue ilipo.

Na kazi hii ya ukalimani haiishi kwenye degedege. Wasichana, mmepelekwa unyago. Wavulana, jando. Humo mmefundishwa usafi, heshima, kuvumilia. Mambo mazuri. Lakini kungwi akikwambia, "Sasa umekuwa mkubwa," hakukwambia ubebe mimba mwaka huo huo. Na ngariba akitumia wembe mmoja kwa wavulana wengi, hapo hakuna mila ya kulinda. Kuna hatari ya virusi vya UKIMWI na homa ya ini. Wapo wazazi ambao siku hizi wanawapeleka vijana wao kutahiriwa hospitali, kisha mafunzo ya jando yanaendelea kama kawaida. Tazama, hakuna kilichopotea. Muulize kungwi, muulize na muuguzi. Ukisikia wanapingana, usikimbie. Wakutanishe.

Bibi yangu alifariki akiwa mzee sana. Kabla ya hapo, mtoto wa dada yangu alipata degedege usiku. Bibi alichukua kaniki yake ile ile, akamfunga mtoto mgongoni mwa mama yake, akasema, "Nendeni. Mimi nitaomba dua huku." Wakafika mapema. Mtoto yule sasa yupo sekondari.

Sikumshinda bibi kwa maneno. Nilikaa naye jioni nyingi, tukichambua mboga, akinieleza yake nikimweleza yangu. Ilichukua miaka. Lakini usiku ule ulipofika, hakukuwa na haja ya kubishana.



MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI
1. Nyumbani kwenu, mtoto akizidiwa usiku, nani anatoa ruhusa? Akiwa hayupo, je?
2. Ni jambo gani la desturi yenu linalosaidia afya? Ni lipi linalohitaji kubadilishwa, na nani wa kuzungumza naye kwanza?
3. Igizeni: mmoja awe bibi, mmoja mama, mmoja kijana, mmoja muuguzi. Mtoto ana degedege. Mzungumze bila mtu yeyote kumvunjia mwenzake heshima.