Lukemia ya Watoto: Ushirikiano na Ulaya Uanzie Kwenye Hadubini ya Pemba

Mada iliyowasilishwa kwenye semina ya watoa huduma za afya, Chake Chake



Mada niliyopewa inahusu hospitali na vituo vya utafiti vya Ulaya vinavyoshirikiana kutibu saratani ya damu kwa watoto. Nitaeleza wenzetu wamefanya nini, lakini sikuja kuwasimulia habari za mbali. Nimekuja kusema kwamba Pemba ina sehemu yake katika kazi hii, na kwamba sehemu hiyo inaanzia kwenye chumba cha maabara cha kituo cha afya, kwenye ile ile slaidi ya malaria tunayoiangalia kila siku.

Tuanze na hesabu. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 543,441 katika kisiwa hiki, na zaidi ya wanne katika kila kumi ni watoto wa chini ya miaka 15. Ulaya, lukemia ya limfoblasti, ambayo ndiyo saratani inayowapata watoto wengi kuliko nyingine zote, huonekana kwa watoto kama 35 hadi 40 katika kila milioni moja kwa mwaka. Kwa kiwango hicho Pemba ingekuwa na watoto wanane hivi kila mwaka. Kila mmoja wetu humu ndani ajiulize mwaka jana aliwaona wangapi. Wataalamu wamebishana kwa muda mrefu: je, lukemia ni adimu kweli Afrika, au watoto wanazikwa kabla ugonjwa haujajulikana? Mimi naamini sehemu kubwa ya jibu iko kwenye hilo la pili. Mtoto analetwa ana homa isiyokatika, viganja vimepauka, bandama imevimba, analia magoti usiku. Kila dalili katika hizo ina jina jingine tulilolizoea: malaria, safura, selimundu, baridi yabisi. Tunampima malaria, hana. Tunampa antibiotiki na fefo (vidonge vya chuma na foliki asidi), anarudi nyumbani. Baada ya wiki mbili analetwa tena, safari hii anatoka damu puani na ana mavilio mapajani ambayo mama yake hajui yametoka wapi.

Sasa twende Ulaya. Mpaka miaka ya 1960 mtoto mwenye lukemia huko alikuwa anasubiri kufa. Leo watoto kama tisa katika kumi wanapona. Wengi hudhani ni dawa mpya iliyoleta mabadiliko hayo, na dawa zimesaidia kweli. Lakini ukiangalia orodha ya dawa zinazomponya mtoto wa kawaida mwenye lukemia, nyingi ni za zamani. Methotreksati ilitokana na kazi ya Sidney Farber kule Boston miaka ya 1940: aliona kwamba foliki asidi ilikuwa kama inauchochea ugonjwa, akatafuta dawa ya kuizuia. Vinkristini imetumika tangu miaka ya 1960, na imetoka kwenye mmea mdogo wenye asili ya Madagascar, wenye maua ya rangi ya waridi au meupe, ambao unastawi bila taabu kwenye nyua za pwani yetu. Prednisoloni iko kwenye kabati la karibu kila hospitali.

Kilichobadilika zaidi ni namna ya kufanya kazi. Mwaka 1970 Hansjörg Riehm alianza Berlin Magharibi mpango wa kuchanganya dawa nyingi kwa nguvu tangu mwanzo. Hospitali za Frankfurt na Münster zikajiunga, na kundi hilo likaitwa BFM. Madaktari wa miji mbalimbali walikubali kitu kigumu kwa daktari yeyote: kuacha kila mmoja kutibu kwa mazoea yake, wakafuata mwongozo mmoja, wakamwandika kila mtoto kwenye daftari moja, aliyepona na aliyekufa. Nchi za Skandinavia zikafanya hivyo, Uingereza, Uholanzi na Italia nazo. Leo mpango wa ALLTogether unaunganisha Uingereza, Ireland, nchi za Nordiki, Uholanzi, Ubelgiji, Ufaransa, Ureno na sehemu ya Ujerumani. Moja ya maswali yake makubwa ni watoto gani wanaweza kupunguziwa dawa bila kuhatarishwa, kwa sababu sasa wanaweza kutafuta kwenye uboho chembe moja ya saratani katika elfu kumi na kujua nani amesafika mapema.

Mfano unaonigusa zaidi ni wa watoto wachanga wa chini ya mwaka mmoja. Kwao lukemia ni adimu na kali sana, na hakuna nchi ya Ulaya yenye watoto wa kutosha kujifunza peke yake. Utafiti wa Interfant-99 uliwakusanya watoto 482 kutoka nchi 22. Baadaye, mwaka 2023, madaktari wakiongozwa na wenzao wa Utrecht, Uholanzi, walitangaza matokeo ya watoto 30 tu waliopewa dawa ya blinatumomabu pamoja na kemo. Baada ya miaka miwili, asilimia 93 walikuwa hai, wakati waliotibiwa zamani bila dawa hiyo walikuwa asilimia 66. Watoto 30 wamebadilisha tiba ya dunia nzima, kwa sababu kila mmoja alihesabiwa. Nalisema hili kwa ajili ya wale wanaodhani watoto wanane wa Pemba ni wachache mno kuhangaikiwa.

Afrika Mashariki haikuwa nje ya historia hii. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland aliyekuwa akifanya kazi Kampala, alieleza mwaka 1958 uvimbe wa taya unaowapata watoto wetu, ambao leo unaitwa limfoma ya Burkitt. Vipande vya uvimbe huo vilisafirishwa kwa ndege kwenda London kwa Anthony Epstein. Ndege moja, mwishoni mwa mwaka 1963, ilishindwa kutua kwa ukungu ikapelekwa Manchester. Sampuli ilipofika maji yake yalikuwa yamechafuka, ikadhaniwa imeharibika. Ilipotazamwa ikaonekana ni chembe za saratani zenyewe, hai, zinaelea, na kutokana nazo virusi vya Epstein-Barr vikajulikana mwaka 1964. Lakini tazameni njia iliyopita sampuli hiyo: mtoto wa Uganda, maarifa London. Kwa hiyo nafarijika kuona utafiti wa siku hizi wa AI-REAL, wa Chuo Kikuu cha Oxford pamoja na wenzetu wa Tanzania na Uganda, unaotafuta kuitambua limfoma hiyo kwa damu ya mshipa badala ya kungoja kipande cha nyama, kwa vipimo vinavyojengewa uwezo huku huku.

Hapa nyumbani, tiba ya watoto wenye saratani imekua Ocean Road na baadaye Muhimbili, jijini Dar es Salaam, ambako taasisi ya Tumaini la Maisha, iliyoanzishwa na Trish Scanlan, daktari wa watoto kutoka Ireland, inasaidia mtoto atibiwe bila malipo na mzazi apate pa kulala. Mtoto wa Pemba anayefika pale mapema ana nafasi ya kweli. Tatizo ni hilo neno mapema, na lingine ni kubakia kwenye tiba baada ya kufika. Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, Eldoret, nchini Kenya, imeshirikiana na madaktari wa Amsterdam kwa miaka mingi, na walipofuatilia kilichowapata watoto waligundua kwamba kuacha tiba katikati ndilo lililokuwa tokeo la kawaida, kupita hata kifo. Wenye bima walidumu zaidi. Utafiti huo hauna mashine ya ajabu, ni watu waliohesabu nani hakurudi na kumuuliza kwa nini. Kwangu mimi ni miongoni mwa kazi bora za ushirikiano wa Ulaya na Afrika katika saratani ya watoto.

Giuseppe Masera wa Monza, Italia, aliona mapema kwamba ushirikiano lazima ufuate hali ya mahali. Mwaka 1986 hospitali yake ilifunga udugu na hospitali ya La Mascota, Managua, nchini Nicaragua, na udugu huo umedumu miongo. Hawakuuhamisha mwongozo wa Monza kama ulivyo. Waliupunguza makali ulingane na damu, antibiotiki na wauguzi waliokuwepo, kwa sababu kemo kali pasipo na huduma hizo huua mtoto kabla ya lukemia.

Udugu wa namna hiyo unatufikisha Wawi, hapa Pemba. Maabara ya Afya ya Jamii Ivo de Carneri, iliyofunguliwa mwaka 2000 kwa ushirikiano wa Wizara ya Afya ya Zanzibar na wakfu wa Milano wenye jina hilo, inathibitisha kwamba Pemba inajua kushirikiana na Ulaya kwa muda mrefu. Kazi yake ya minyoo na kichocho inasomwa duniani kote. Na kisiwa hiki kimewahi kuifundisha dunia jambo zito: utafiti wa kuwapa watoto wadogo madini ya chuma na foliki asidi ulisimamishwa Agosti 2003 baada ya kuonekana kwamba waliopewa walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi, kwa asilimia 12, wa kufa au kulazwa. Miongozo ya kimataifa ikafikiriwa upya kwa sababu ya watoto wa Pemba. Kitu kinachofaa kwingine kilipaswa kupimwa hapa kwanza.

Chukueni somo hilo mlilete kwenye lukemia. Mwongozo wa Ulaya unaanza na wiki nne au zaidi za prednisoloni au deksamethasoni. Mwandishi wake ni nadra kuhofia minyoo ya Strongyloides. Sisi lazima tuihofie. Mnyoo huo unaweza kukaa mwilini miaka bila kelele, na mtoto akipewa steroidi hizo unazaliana ndani kwa ndani, unatoboa utumbo, unaingia mapafuni na kubeba vijidudu hadi kwenye damu. Mtoto anakufa, na cheti kinaandikwa kemo. Kumpima au kumtibu kwa ivermektini kabla, kwa kuzingatia uzito wake, ni kazi inayowezekana, na wanaoijua vizuri wako kilomita chache kutoka ukumbi huu. Pemba ina la kuwaambia Monza na Utrecht, si la kupokea tu.

Na kuna jingine kuhusu steroidi, ambalo naomba wauguzi na madaktari wasaidizi wasilisahau. Mtoto mwenye homa ndefu, tezi zilizovimba au maumivu ya viungo asipewe prednisoloni kabla damu yake haijaangaliwa. Dawa hiyo huziyeyusha chembe za lukemia kwa muda. Mtoto anachangamka, anakula, mama anashukuru, na kipimo kikija kufanywa hakionyeshi kitu. Ugonjwa unarudi ukiwa mgumu zaidi.

Sasa slaidi. Fundi wa maabara anapohesabu vimelea vya malaria kwenye tone nene, anavihesabu kwa kulinganisha na chembe nyeupe 200. Maana yake ni kwamba kila siku, Micheweni, Wete, Mkoani, kuna mtu anahesabu chembe nyeupe za watoto wetu. Kwa kawaida atasogeza slaidi mara nyingi kabla ya kufika 200. Ikiwa amezifikisha katika uwanja mmoja au miwili, na mtoto hana malaria, asiandike "hakuna vimelea" akaishia hapo. Aandae damu nyembamba, aipake rangi, atazame kwenye ncha. Chembe changa ya lukemia inajionyesha kwa aliyewahi kuiona: kiini kikubwa kinachojaza karibu chembe yote, utando mwembamba wa buluu pembeni, na zote zinafanana kama ndugu, tofauti na mchanganyiko wa chembe za maambukizi. Chembe za kugandisha damu karibu hazipo. Si kila mtoto mwenye lukemia ana chembe nyeupe nyingi. Wengine wanazo chache mno, kwa hiyo mtoto aliyepauka na mwenye mavilio apelekwe kupimwa picha kamili ya damu hata tone nene likiwa kimya. Malaria imeshuka Zanzibar chini ya asilimia moja. Macho yaliyozoea kutafuta vimelea yana nafasi ya kutafuta kingine.

Ninachopendekeza kwa washirika wa Ulaya, basi, ni kidogo na kinahitaji uvumilivu: slaidi za kufundishia, mtu wa kusoma nasi picha za slaidi zenye shaka siku hiyo hiyo, na daftari la watoto wenye saratani ambalo linabaki Pemba na nakala yake inakwenda Muhimbili. Atakayekuja na utafiti aulizwe kwanza daftari hilo litakuwa kwa nani akiondoka.

Upande wetu kuna jambo la nauli. Tiba ya lukemia ya limfoblasti huchukua miaka miwili au zaidi, lakini miezi ya mwanzo ndiyo inayohitaji hospitali kubwa. Sehemu ndefu ya mwisho ni vidonge: merkaptopurini kila jioni na methotreksati mara moja kwa wiki, pamoja na kupima damu mara kwa mara na kurekebisha kipimo cha dawa. Hakuna sababu ya mama wa Konde kupanda boti Mkoani kwenda Unguja, kisha Dar es Salaam, kwa ajili ya picha ya damu inayoweza kupimwa Chake Chake na majibu yakasomwa na daktari wa Muhimbili kwa simu. Mwenye watoto watano nyumbani na shamba la muhogo ataimudu safari mara tatu, ya nne atasema mtoto ameshapona.

Naomba makundi ya mchana yachukue mambo mawili: namna ya kuendesha awamu hiyo ya vidonge hapa kisiwani, na fomu ya rufaa itakayomtaja kila fundi aliyeona chembe zenye shaka ili arudishiwe majibu. Wenzetu wa Wawi watuambie leo, kabla hatujatawanyika, slaidi za kwanza wanaweza kuzipokea siku gani.