Andika Habari za Wazee Wako

Katika masomo yaliyopita tulijifunza kuandika barua. Leo tutaitumia kalamu kwa kazi nyingine. Tutajifunza namna ya kutafuta na kuandika habari za ukoo. Twaa daftari jipya, kalamu moja, na masikio mawili yaliyo tayari kusikiliza. Hivyo ndivyo vyombo vya kazi yetu.

Wazee walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Methali hiyo huwafaa wenye maduka, lakini yatufaa na sisi. Habari za babu na bibi ni mali. Kwa miaka mingi mali hiyo ilitunzwa vichwani mwa watu. Mzee akifa, hufa na sehemu ya daftari lake.

Tazama mfano mmoja ulio karibu nasi. Katika kijiji cha Ndolezi, wilayani Mbozi, kuna Kimondo, jiwe kubwa la chuma lililoanguka kutoka mbinguni. Uzito wake ni zaidi ya tani 10. Jiwe kama hilo lilipoanguka, bila shaka lilitoa mwanga mkali na kishindo kikubwa. Lakini hapana hadithi ya wazee inayosimulia siku ile. Lilianguka zamani mno, na kama alikuwapo mtu aliyeliona, maneno yake hayakutufikia. Ikiwa tukio la namna hiyo laweza kupotea katika kumbukumbu, je, jina la mama wa babu yako litadumu vipi lisipoandikwa?

Basi tuanze. Watu wengi hutaka kuanza mbali, kwa mwanzo wa kabila. Huuliza habari za machifu. Wewe usianze huko. Anza na wewe mwenyewe. Katika ukurasa wa kwanza andika jina lako, mahali ulipozaliwa, na mwaka. Chini yake andika baba yako na mama yako. Kisha wazazi wa baba, na wazazi wa mama. Hao ni watu sita juu yako. Ukipanda ngazi moja zaidi, utaongeza watu wanane. Penye jina usilolijua acha nafasi tupu. Usione haya kwa nafasi hizo. Zitakuonyesha swali la kwenda kuuliza.

Tena angalia upande wa mama. Mara nyingi watu hukariri baba, babu, na baba wa babu, lakini wakiulizwa bibi alitoka kwa nani, hunyamaza. Daftari lenye wanaume peke yao ni nusu ya daftari.

Sasa tuseme juu ya majina. Katika nchi yetu hii, tangu Tunduma hata Mbozi na Ileje, jina lenyewe ni habari. Kwa Wanyamwanga na majirani zao wengi, mwanamume huitwa Simwinga na dada yake huitwa Namwinga. Kaka ni Simbeye, dada ni Nambeye. Mgeni akisoma majina hayo katika karatasi hudhani ni koo mbili, kumbe ni watoto wa baba mmoja. Kwa hiyo ukikuta jina la bibi linaloanza na Na, tafuta wenzi wake wanaoanza na Si. Hao huenda ni ndugu zake.

Tena majina yaliandikwa na makarani wa namna nyingi. Mmoja aliandika kwa herufi L, mwingine kwa R. Silwimba na Sirwimba ni jina moja. Usilikatae jina kwa sababu ya herufi moja. Litamke kwa sauti, usikilize.

Mtu wa Tunduma akifuata majina hayo, hatakwenda mbali kabla hajafika mpakani. Mwaka 1890 Waingereza na Wajerumani walipatana huko Ulaya juu ya mstari kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika. Mwaka 1898 wapimaji wao walikuja kuupima mstari huo juu ya ardhi. Wenyeji hawakuulizwa. Watu wa ukoo mmoja wakajikuta chini ya serikali mbili. Leo upande huu ni Tunduma, na ule ni Nakonde katika Zambia. Lakini mpaka haukukata undugu. Ikiwa hapa hapana anayejua jina la bibi mkubwa, huenda yuko mzee ng'ambo anayelijua. Mtumie salamu, au umwendee kwa njia ya halali, ukamwulize.

Sasa twaja kwenye jambo linalowasumbua wengi, nalo ni miaka. Utamwuliza mzee, "Baba yako alizaliwa mwaka gani?" Atajibu, "Sijui." Usimlaumu, wala usibuni mwaka. Badili swali. Mwulize, "Baba alikuwa mkubwa kiasi gani wakati wa jambo fulani?" Kwa njia hii matukio yanayojulikana huwa kama kalenda.

Matukio hayo ni kama haya. Novemba 1918, mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza, askari wa Wajerumani walipita Fife, karibu na Nakonde ya leo. Tarehe 25 mwezi ule ule waliweka silaha chini kule Abercorn, mji uitwao sasa Mbala. Tarehe 9 Desemba 1961 Tanganyika ilipata uhuru. Tarehe 24 Oktoba 1964 Zambia nayo ilipata uhuru. Mwaka 1973 reli kutoka Dar es Salaam ilifika Tunduma. Katika miaka hiyo hiyo ya 1970 watu wengi walihamishiwa katika vijiji.

Tufanye hesabu. Mzee asema, "Baba alikuwa mtoto wa kuchunga mbuzi Wajerumani walipopita Fife." Mtoto wa kuchunga mbuzi huwa na miaka kama 10. Basi 1918 ukitoa 10 ni 1908. Andika hivi: "Alizaliwa karibu na mwaka 1908." Neno "karibu na" ni la lazima. Ukiliacha, mjukuu wako atadhani una hakika, kumbe ulikisia.

Sasa, namna ya kuuliza. Usimwendee mzee kama karani wa kodi. Piga hodi, mwamkie, keti, mjulie hali. Ukiweza kumchukulia sukari au majani ya chai, ni vema. Kisha mweleze kwa nini umekuja, na umwombe ruhusa ya kuandika. Siku hizi waweza pia kunasa sauti yake kwa simu, lakini hapo napo ruhusa kwanza. Uliza swali moja, kisha nyamaza. Asipotaka kujibu, usimshurutishe. Akichoka, aga, urudi siku nyingine. Kila mara andika juu ya ukurasa jina la aliyesema, mahali, na tarehe.

Mwulize mambo ya maisha, siyo majina tu. Walikula nini mwaka wa njaa? Nani alikuwa mhunzi? Nani alikwenda kuchimba dhahabu Lupa, au shaba kule Zambia, na nani hakurudi? Bibi aliolewa kwa mahari gani? Majibu ya namna hiyo humfanya marehemu awe mtu tena, siyo jina kavu.

Itatokea kwamba shangazi asema hivi, na mjomba asema vingine. Usichague upesi, wala usiyachanganye maneno yao yawe hadithi moja tamu. Andika, "Shangazi asema hivi," kisha, "Mjomba asema hivi." Pengine kila mmoja aliona upande wake. Pengine karatasi itapatikana baadaye ya kuamua. Kazi yako ni kuandika ulilosikia kwa uaminifu.

Yako pia mambo mazito. Katika karne ya 19 nchi hizi zilipatwa na biashara ya watumwa. Watu walitekwa, wakauzwa, wakatengwa na jamaa zao. Msatulwa Mwachitete, mtu wa Unyiha, alitekwa akiwa mtoto. Bibi mmoja jina lake Narwimba alipita katika hatari za wakati huo huo. Walipokuwa wazee walisimulia maisha yao, na Elise Kootz-Kretschmer, mmisionari wa Moravian, aliyachapisha kwa Kijerumani. Mwaka 1993 mwanahistoria Marcia Wright alitoa kitabu kwa Kiingereza chenye habari hizo. Leo watu wa nchi za mbali wanamjua Bibi Narwimba, kwa sababu alikubali kusema, na yuko aliyeandika. Wako maelfu waliopatwa na mambo kama yake ambao hata majina yao hatunayo.

Basi ukisikia kwamba katika ukoo wako alikuwapo mtu aliyetekwa, au aliyepokewa kutoka mbali, andika kwa heshima. Kutekwa si aibu ya aliyetekwa. Lakini usiichukue habari hiyo ukamtukane nayo jirani, wala kumnyima ndugu shamba. Anayetumia historia kuvunja nyumba hakuelewa kwa nini aliachiwa. Na mzee akikuambia, "Hili usiliseme ningali hai," shika neno lake.

Jambo jingine ni mahame. Watu walipohamia vijijini katika miaka ya 1970, waliacha nyumba, miti na makaburi. Makaburi mengi hayana jiwe lenye jina. Alama yake ni mti, au kichuguu, au kumbukumbu ya mzee mmoja. Nenda naye mahali hapo maadamu miguu yake ingali na nguvu. Chora ramani ndogo: njia ipite wapi, mto uko upande gani, kaburi la nani liko chini ya mti gani. Mti waweza kukatwa, lakini ramani itasema ulikuwa wapi.

Baada ya watu, tafuta karatasi. Tazama sandukuni kwa ruhusa ya mwenyewe: cheti cha ubatizo, stakabadhi ya kodi, kitabu cha kazi, barua. Makanisa ya zamani huweka vitabu vya ubatizo na ndoa. Dar es Salaam iko Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, yenye maandishi ya serikali za Wajerumani na Waingereza. Lakini kumbuka kwamba mkoa wa Songwe ulianzishwa mwaka 2016. Karatasi za kabla ya hapo hazitataja mkoa wa Songwe. Tafuta chini ya Mbeya, na kwa miaka ya Waingereza, Jimbo la Nyanda za Juu za Kusini.

Daftari likianza kujaa, usilifungie kabatini. Siku jamaa wanapokutana, kwa harusi au kwa kumaliza matanga, omba nafasi usome ukurasa mmoja kwa sauti. Utaona kazi yake. Mmoja atasema, "Hapo umekosea." Mwingine atasema, "Umemsahau fulani." Andika maneno yao papo hapo. Kisha nakili daftari lako mara mbili, nakala moja ikae kwa ndugu mwingine. Moto na mchwa havijui kusoma.

Wanafunzi wapenzi, wengine kati yenu mlianza kusoma mkiwa na mvi. Pengine mwajiuliza, "Kusoma kutanifaa nini umri huu?" Jibu ni hili. Kijana anajua kuandika upesi kuliko wewe, lakini hakumwona babu yako. Wewe ulimwona. Ulisikia sauti yake, na sasa una kalamu. Wenye vyote viwili ni wachache, nao hawatakuwapo siku zote.

Kazi ya juma hili:

1. Andika majina ya wazazi wako, na ya wazazi wao wanne. Acha nafasi tupu kwa usiowajua.

2. Mtembelee mzee mmoja mwenye kujua. Mwulize swali moja juu ya bibi yako. Andika jibu kwa maneno yake mwenyewe, pamoja na jina lake na tarehe.

3. Kisia mwaka aliozaliwa mtu mmoja wa ukoo wako kwa kutumia tukio moja tulilolitaja. Usisahau maneno "karibu na".

Njoo na daftari lako katika somo lijalo. Tutajifunza kupanga majina hayo yawe kama mti wenye matawi. Kwa leo tuishie hapa. Kwaherini.