Fizi za Mtoto Asiyeota Meno: Mada kwa Wahudumu wa Afya wa Jamii, Katwe



Nimeombwa nizungumzie mazoea ya kila siku ya kutunza meno na fizi. Mengi mnayajua, nitayapita haraka. Meno husuguliwa mara 2 kwa siku, na ile ya kabla ya kulala isikosekane, kwa mswaki laini na dawa yenye floridi. Ukimaliza tema povu, usisukutue kwa maji mengi. Mtoto wa chini ya miaka 3 atiliwe dawa kiasi cha punje ya mchele. Fizi zikitoka damu usiache kusugua. Mara nyingi damu hiyo inatokana na ukoga uliokaa mpakani mwa jino na fizi. Soda na chai ya sukari zinazonywewa kidogo kidogo kutwa nzima huozesha meno kuliko zinazonywewa pamoja na chakula.

Sasa niseme juu ya ebinyo, ambayo ndugu zetu wa Tanzania wanayaita meno ya plastiki. Hapa Katwe, Uganda, mama mmoja anasema Kiganda, mwingine Kiswahili cha Kongo. Jina linabadilika, spoku ya baiskeli ya kuyang'olea ni ileile.

Mtoto wa miezi 5 anaharisha, ana homa, anatafuna vidole. Jajja, yaani bibi yake, anamfunua mdomo, anaona uvimbe mweupe mahali litakapoota jino la chonge, anasema ni ebinyo. Anapelekwa kwa mng'oaji, fizi inachokonolewa, kinatoka kitu cheupe, laini kama funza. Mama anaamini kwa kuwa amekiona kwa macho. Kumbe ni chipukizi la chonge la utotoni ambalo bado halijawa gumu. Lingetokeza lenyewe baada ya mwaka na zaidi. Na kuharisha mara nyingi huisha kwenyewe baada ya siku chache, basi mng'oaji ndiye anayeshukuriwa. Asiyepona huzikwa, na ebinyo ndiyo yanayolaumiwa.

Kidonda hicho huleta damu nyingi, pepopunda, sumu kwenye damu. Chipukizi la chonge la ukubwani liko papo hapo chini, nalo likijeruhiwa, mtoto hufika miaka 12 akiwa na pengo au jino lililopinda. Mtaalamu wa Denmark, Jens Pindborg, aliandika juu ya jambo hili kaskazini mwa Uganda mwaka 1969. Zaidi ya miaka 50! Na bado mabango tunayogawiwa yana picha ya mswaki tu. Nimewahi kumpokea mtoto ambaye mama yake alielekezwa kwa mng'oaji na mtumishi wa afya. Kituo sikitaji, lakini jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Mapendekezo yangu ni haya. Kwanza, mama afute fizi za mtoto kila siku tangu azaliwe, kwa kitambaa safi na maji yaliyochemshwa. Kidole chake kikiuzoea uvimbe ule tangu mwanzo, hatadanganywa kwamba umeletwa na ugonjwa. Pili, kwenye chanjo za wiki 6, 10 na 14, mtoa chanjo amfunue mtoto mdomo na kumwonyesha mama. Tatu, chanjo ya rota ya kukinga kuharisha, tuliyo nayo tangu 2018, isikosekane. Nne, anayeharisha apewe ORS, pamoja na zinki ambayo aendelee nayo kwa siku 10 hadi 14, hata akionekana amepona. Tano, jajja na baba waitwe. Mara nyingi uamuzi si wa mama. Sita, Sheria ya Watoto inakataza mila zinazodhuru afya ya mtoto, na itumike kwa wang'oaji. Hapa naomba tahadhari: tukianza na polisi kwa akina mama, watoto wenye vidonda watafichwa. Saba, bango jipya lichorwe, la fizi isiyo na jino. Nane, narudia, fizi zifutwe kila siku. Ni kazi ya dakika moja na haina gharama.

La mwisho, mtoto aliyekwisha kung'olewa aletwe kituoni siku hiyohiyo, na mama yake asikemewe mlangoni.