Somo la Afya: Mitishamba na Ugonjwa wa Kansa

Karibuni darasani, ninyi mlioko Bahi, Kongwa, Mpwapwa na popote sauti hii inapofika. Mwalimu wa kila darasa na aandike ubaoni maneno matatu: KANSA, MITISHAMBA, WAKATI. Yasomeni pamoja, kisha tuendelee.

Vizuri. Kansa, ambayo pia huitwa saratani, si kazi ya mchawi. Mwili umejengwa kwa chembe ndogo sana, kama nyumba inavyojengwa kwa matofali mengi. Chembe hizi huzaliana kwa utaratibu. Zikiacha utaratibu wake, huzaliana ovyo, zikafanya uvimbe au kidonda, na baadaye huenea mwilini. Mwanzoni mara nyingi haziumi. Hapo ndipo hatari ilipo.

Wengi mtauliza: Je, dawa zetu za miti haziwezi kuponya kansa? Swali hili ni la haki, wala halistahili kuchekwa. Wazee wetu wanajua miti mingi, na sheria ya nchi ya mwaka 2002 inawatambua waganga wa tiba asili. Tena baadhi ya dawa za kansa zimetoka katika mimea. Liko ua dogo, jeupe au la rangi ya waridi, ambalo asili yake ni Madagaska. Wengi hulipanda uani kwa urembo. Huko Jamaika watu walikunywa majani yake kwa ugonjwa wa kisukari. Wataalamu wa Kanada walipoyapima katika miaka ya 1950, waliona kuwa hayapunguzi sukari, bali yanapunguza chembe nyeupe za damu. Katika ua hilo zimepatikana dawa mbili, vinblastini na vinkristini, ambazo hutumika hospitali hata leo kwa kansa ya damu na ya matezi. Lakini sikilizeni vizuri: majani yenyewe yana sumu. Msiyatafune wala msiyachemshe. Dawa hutolewa humo kwa ufundi, hupimwa kwa kadiri ya mwili wa mgonjwa, na hutiwa katika mshipa.

Basi tofauti si kati ya mti na hospitali. Tofauti ni kati ya dawa iliyopimwa na dawa isiyopimwa.

Sasa nitawaeleza jambo la nyumbani kwetu. Mwaka 2011 maelfu ya watu walikwenda kijiji cha Samunge, Loliondo, kwa mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile. Aliwapa kikombe kimoja cha dawa ya mizizi ya mti uitwao mugariga, kwa shilingi 500. Watu walisema kinaponya kisukari, UKIMWI na kansa. Magari yalipanga foleni ya kilomita nyingi, na wagonjwa wengine walifariki humo foleni.

Shangazi yangu alikuwa na uvimbe titini, mdogo kama punje ya karanga. Mimi nilikuwa bado mwanafunzi. Nilimbebea mzigo mpaka kituo cha basi. Alirudi na furaha, akasema amepona kwa kuwa hasikii maumivu. Lakini hata kabla ya kwenda hakuwa na maumivu, na hakuna aliyemkumbusha, mimi nikiwamo. Mwaka uliofuata uvimbe ukapasuka, ukawa kidonda. Tulipomfikisha hospitali, ugonjwa ulikuwa umekwisha kuingia mapafuni. Tulimzika kabla ya mavuno ya uwele.

Kikombe kile hakikumuua. Aliuawa na kansa, nayo ilipata mwaka mzima wa kukua bila kuzuiwa. Ndiyo maana nimetaka neno WAKATI liandikwe ubaoni.

Basi tufanye nini? Ukiona uvimbe titini hata usiouma, kidonda kisichopona, kukonda bila sababu, au damu ya ukeni isiyo ya hedhi, nenda zahanati upesi. Omba barua ya kwenda hospitali kubwa, kama Hospitali ya Benjamin Mkapa hapa Dodoma, au Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam. Huko hutibu kwa upasuaji, mionzi na dawa.

Akina mama, kansa ya shingo ya kizazi ndiyo inayowapata wanawake wengi zaidi nchini mwetu. Uchunguzi wake huchukua dakika chache: nesi hupaka siki, na mahali palipoharibika hugeuka peupe. Akina baba, msiwazuie. Wasichana nao hupewa chanjo yake. Ilianza nchi nzima mwaka 2018.

Ukitumia mitishamba, mwambie daktari bila aibu, maana baadhi yake hupingana na dawa za hospitali. Mlenda na ubuyu vinalisha mwili, lakini haviyeyushi uvimbe.

Maswali ya kujadiliana:

1. Kwa nini mtu huweza kudhani amepona, naye hajapona?

2. Dawa kupimwa maana yake nini?

3. Kutoka kijijini kwenu, zahanati iko wapi, na nani atamsindikiza mgonjwa?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.